Kisu chako, mkono wa mwenzako

Maswali ya safari hii yanahusu visu vilivyofuliwa nyumbani na namna ya kuvijaribu nje, porini au ufukweni. Mengine nayajibu kwa mstari mmoja kwa sababu yanastahili mstari mmoja.

Shikamoo fundi. Nimefua kisu changu cha kwanza kwa springi ya gari. Rafiki yangu anataka tukipime kwa kukata msumari na kugonga jiwe. Tufanye? (Msomaji, Igoma)

Marahaba. Msifanye. Msumari ni chuma laini. Kisu chenye makali manene kikigongwa nyundo kitaukata hata kama kimefuliwa vibaya, kwa hiyo mkishaukata bado hamjajua lolote. Jiwe ndiyo kabisa. Hapa Mwanza tumezungukwa na mawe ya matale, na zile chembe zinazong'aa ndani yake ni ngumu kuliko chuma kilichotiwa matiko, yaani kilichofanywa kigumu kwa moto na kuchovywa. Kisu kizuri na kisu kibovu vyote vitaharibika juu yake. Hiyo ni sababu pia ya kutonolea visu kwenye majabali ya ufukweni, maana nawaona mnafanya.

Anayepima kisu kwa msumari anatafuta kushangiliwa. Kisu chako kitakata nyama, samaki, kamba na mti. Kipime kwa hivyo.

Tuko wawili, tuna visu vitatu, Jumamosi tunakwenda Luchelele kuvijaribu. Tuanze na nini? (Msomaji, Nyegezi)

Muanze na swali ambalo hamkuuliza: nani anashika? Ashike yule ambaye hakukifua. Aliyekifua ameshazoea kasoro zake. Anajua mpini unaumiza wapi, na mkono wake unakwepa pale bila yeye kujua. Kisu kikigoma atasema mti una fundo. Mwenzake hana sababu ya kukitetea. Mpe kisu, nyamaza, mwache afanye kazi kama nusu saa, halafu tazama kiganja chake. Palipokuwa pekundu ndipo mpini unapohitaji msasa. Tazama pia anahamisha vidole mara ngapi. Na rafiki anayesema "kiko poa kaka" kabla hajakata kitu, mwache nyumbani. Mnahitaji mtu atakayewaambia ukweli.

Sasa kazi yenyewe. Anzeni na vitu laini, kwa sababu vigumu vikitangulia vitaharibu makali kabla hamjayajua. Chukueni kamba ya katani, muiweke juu ya ubao, mkate vipande kwa sehemu ileile ya makali huku mkihesabu mpaka kisu kianze kuteleza. Visu vyote vitatu vikate kamba moja, siku moja, mkono mmoja. Mkibadilisha kamba, hesabu yenu haina maana.

Kisha samaki. Nunueni sato na sangara mdogo. Sato mpasueni tumbo, sangara mtoeni minofu kwa kufuata uti wa mgongo. Hapa ndipo visu vingi vya mafundi wetu vinaposhindwa, na sioni watu wakilisema. Bapa ni nene mno. Kisu kinanyoa nywele za mkono vizuri kabisa, lakini kikiingia kwenye mnofu kinausukuma badala ya kuukata. Halafu ute wa samaki unafika kwenye mpini, na ule mpini uliopakwa vanishi ukang'aa kama kioo unateleza mkononi. Mkono ukitelezea kwenye makali, safari imeishia hospitali. Nawaomba wahunzi wa kanda hii: msimuuzie mtu wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, kisu ambacho hamjakishika na ute mkononi.

Mwisho ndiyo mti. Mchonge tawi kavu la mwembe mpaka mtoe nyuzi nyembamba za kuwashia moto. Kisha mpasue kuni kavu, nene kama kifundo cha mkono, isiyo na fundo, kwa kugonga mgongo wa kisu kwa gongo. Kila baada ya kazi geuzeni makali juani. Makali mazima hayarudishi mwanga. Mkiona mstari au nukta inayong'aa, pale pamekunjika au pamemegeka.

Anayekata akae mbali na mwenzake, zaidi ya urefu wa mkono ulionyooshwa na kisu chake. Msichonge juu ya paja, kuna mshipa mkubwa pale. Bebeni kitambaa safi cha kukandamizia jeraha. Msiingie majini kuosha visu, kichocho kipo. Choteni maji kwa ndoo, na msiyatumie kuoshea kidonda. Na matawi mchukue kwa mtu mwenye shamba. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na miti ya pale ndiyo inayozuia udongo usiingie majini wanakozaliana samaki. Kuna aliyeniuliza kuhusu kukata matawi kisiwani Saanane: ile ni hifadhi ya taifa. Hapana.

Nondo inafaa kutengenezea kisu?

Hapana. Haina kaboni ya kutosha kushika matiko. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, tafadhali someni kwanza.

Tulipasua kuni, makali ya kisu changu yakamegeka na ya mwenzangu yakakunjika. Chuma kimoja, springi moja. Kwa nini? (Msomaji, Buswelu)

Kwa sababu mlitia matiko tofauti. Chako kilichovywa kikiwa na moto sahihi, lakini hukukirudisha kwenye moto mdogo kupunguza ugumu, au ulikirudisha haraka mno. Cha mwenzako ama hakikupata moto wa kutosha kabla ya kuchovywa, ama kilichomwa na grenda wakati wa kunoa. Ukiona rangi ya bluu kwenye makali, matiko ya pale yamekwenda.

Springi hutiwa moto mpaka sumaku iache kunata, kama nyuzi 770 za Selsiasi, kisha kidogo zaidi ya hapo, ndipo inachovywa kwenye mafuta ya uvuguvugu. Ikipoa, pitisha tupa. Tupa ikiteleza, imeshika. Bila kuchelewa, ioke kwenye nyuzi 200 hivi kwa saa moja, mara mbili. Chuma kilichong'arishwa kitapata rangi ya majani makavu. Kabla ya kwenda porini, bonyeza makali kwa upole kwenye kifimbo cha mviringo cha brasi, ile shaba ya manjano: yanapaswa kupinda kidogo na kurudi. Yakibaki yamepinda ni laini, yakimegeka ni magumu mno. Hiyo inafanyika kibandani, bila kuni.

Tunaweza kushindana kurusha visu kwenye mti?

Si hivi. Cha kurusha hufuliwa laini zaidi na bila mpini wa mbao, na mti wa mtu si shabaha.

Kwa nini tuhangaike na tanuri wakati visu vya dukani ni rahisi, na kufua ni mambo ya kuiga tu? (Msomaji, Kirumba)

Nunua vya dukani, hakuna anayekukataza. Lakini usiseme kufua chuma ni mambo ya kuiga. Katuruka, upande wa Bukoba, watu waliyeyusha chuma kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Warongo wa Uzinza, ng'ambo ya ghuba yetu, walijulikana kwa kuyeyusha chuma, na majembe yalilipiwa mahari. Kijana anayepuliza mkaa leo anaendeleza kazi ya ziwa hili, na anastahili kuulizwa maswali magumu kama walivyoulizwa wao na wakulima.

Naweza kuchovya kwenye oili chafu ya injini?

Usifanye hivyo. Moshi wake una metali na sumu nyingine zinazoingia mapafuni. Mafuta ya kula yanatosha kwa springi.

Maji ya ziwa hayana chumvi. Mbona kisu changu kilishika kutu usiku mmoja? (Msomaji, Kayenze)

Kutu inahitaji maji na hewa tu, chumvi huharakisha. Umekirudisha kwenye ala ya ngozi kikiwa na majimaji ya samaki, na ngozi imeshikilia unyevu usiku kucha. Kioshe, kifute, kipake mafuta ya kula kidogo, na ala uianike peke yake kivulini. Kabla ya kukirudisha, chungulia pale msuka, mkia wa chuma cha kisu, unapoingia kwenye mpini, maana kutu ya pale huonekana kisu kikishavunjika.