Mwanangu, hati mkononi si jina kwenye rejista

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema muuzaji amekuonyesha hati halisi, mkataba mmekwisha kuutia saini, arbuni ya asilimia 10 umeshaitoa, na sasa anataka asilimia 90 iliyobaki Ijumaa ndipo aanze kushughulikia usajili. Unauliza: nikimaliza kulipa, nyumba si inakuwa yetu, mimi na ndugu yangu?

Hapana, haijawa yenu. Mtakachokuwa nacho Ijumaa jioni ni mkataba, na mkataba unawapa haki ya kumdai mtu mmoja tu, yaani muuzaji. Umiliki ni haki ya kumkabili yeyote, awe jirani, benki au mtu msiyemjua, nao mara nyingi huanza siku majina yenu yanapoandikwa kwenye rejista ya ardhi. Kati ya malipo na siku hiyo kuna pengo. Humo ndani muuzaji anaweza kufariki, kufilisika, kushtakiwa na wadai wake, kuiweka nyumba rehani, au kuiuza mara ya pili. Kazi yako yote kuanzia leo ni kulifupisha pengo hilo na kuhakikisha fedha hazivuki peke yake.

Nimesema "mara nyingi" kwa sababu nchi hazifanani. Ufaransa, kwa sheria ya kiraia ya mwaka 1804, mauzo hukamilika kati ya wawili mara wanapokubaliana juu ya kitu na bei. Kinachofanyika baadaye kwenye rejista ni kuwatangazia wengine, na mnunuzi anayechelewa kutangaza anaweza kupitwa na mwingine aliyewahi. Ujerumani makubaliano peke yake hayahamishi hata tofali: mkataba hufanyika mbele ya mthibitishaji wa serikali, kisha yanafuata makubaliano ya pili ya kuhamisha umiliki, kisha jina linaingia kwenye kitabu cha ardhi, ndipo mali inahama. Marekani umiliki huhama kwa kukabidhiwa hati ya uhamisho iliyosainiwa, na kuiandikisha ni kinga dhidi ya watu wengine. Halafu uko mfumo ulioanza Australia Kusini mwaka 1858 chini ya Robert Torrens na kuenea nchi nyingi, ambako rejista haisimulii tu nani mmiliki, bali ndiyo inayompa umiliki. Kwa maelezo yako, nyumba yenu iko kwenye rejista ya namna hii ya mwisho, basi nitakwenda nayo hiyo.

Hati uliyoonyeshwa ni picha ya rejista siku ile ilipotolewa. Ikiwa ilitolewa miaka sita iliyopita, haitakwambia kilichoingia mwezi uliopita. Kwa hiyo omba upekuzi rasmi, yaani taarifa ya yale yaliyoandikwa kwenye rejista sasa, kwenye ofisi ya msajili, uombe mwenyewe au kwa wakili wako, wala usipokee nakala ya upekuzi kutoka mkononi mwa muuzaji au dalali. Ufanye mara mbili: kabla ya kujifunga, na tena karibu kabisa na siku ya malipo. Wewe umeshajifunga bila ule wa kwanza. Sikulaumu, ila ule wa pili sasa ndio unaobeba mzigo wote.

Ukiupata, usome kwa sehemu. Rejista nyingi zina tatu, ingawa zinapangwa kwa namna tofauti.

Ya kwanza inaeleza mali: namba ya kiwanja, ukubwa na ramani. Nenda nayo pale penyewe ukiwa na futi kamba. Tuseme ramani inaonyesha mita 20 kwa 40, yaani mita za mraba 800, na wewe ukipima ukuta hadi ukuta upande wa mbele unapata mita 18.5. Ikiwa pungufu hiyo inaendelea hadi nyuma, zimekosekana mita za mraba 60. Ama ukuta umejengwa pasipo pake, ama jirani ameingia ndani. Futi kamba yako haiwezi kukata shauri hilo. Mpima mwenye leseni ndiye anayeyatafuta mawe ya mipaka na kuyalinganisha na ramani ya upimaji. Mwite kabla ya kulipa, kwa maana jirani aliyekaa ndani ya mpaka kwa miaka mingi anaweza kuwa amekwisha pata haki, na ugomvi huo utaununua pamoja na nyumba.

Ya pili ina jina la mwenye mali. Lilinganishe na kitambulisho herufi kwa herufi. Herufi moja ikipishana, msajili anaweza kuurudisha uhamisho, na kila siku unaporekebishwa pengo linakaa wazi. Kama aliyeandikwa ni marehemu, mtoto wake hawezi kuuza kwa sababu tu ni mtoto wake. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye amri ya mahakama. Kama ni kampuni, taka azimio la wakurugenzi. Kama anayetia saini amepewa hati ya uwakala, mtafute aliyempa, umsikie kwa masikio yako, kwani kwa kawaida uwakala wa aina hiyo hufa pamoja na aliyeutoa. Wako wanaoendelea kuutumia baada ya mazishi.

Ya tatu ndiyo ambayo watu hawaifikii kwa uchovu, nayo ndiyo yenye mizigo: rehani, zuio la mahakama, kaveati (tahadhari anayoiweka mtu anayedai haki juu ya ardhi), haki ya njia ya jirani, masharti ya ujenzi. Mizigo hii mingi haimfuati muuzaji anapoondoka; inabaki na ardhi. Mwaka 1808 mtu aitwaye Tulk aliuza bustani ya Leicester Square, London, kwa sharti kwamba isijengwe. Bustani ikapita mikono hadi kwa Moxhay, ambaye hati yake mwenyewe haikutaja sharti hilo, lakini alikuwa analijua. Alipotaka kujenga, mahakama ikamzuia mwaka 1848. Nawe ukikuta mstari unaosema "kwa matumizi ya makazi tu", usidanganywe kwamba umepitwa na wakati. Uliza nani mwenye mamlaka ya kuufuta, na ufutwe kabla yako, kwa gharama ya muuzaji.

Rehani ikiwepo si dhambi. Wengi huuza ili walipe deni. Hatari iko kwenye mpangilio. Barua ya benki inayotaja kiasi cha kumaliza deni iwe na tarehe ya mwisho ya kutumika, kwa sababu riba inaongezeka kila siku. Kiasi hicho wakili wako akilipe benki moja kwa moja, si kupitia kwa muuzaji, na hati ya kufuta rehani ipokelewe siku hiyo hiyo.

Sasa yale ambayo rejista haiyaoni, au huenda isiyaone. Kwanza ni mtu anayekaa humo. Uingereza, kwa mfano, upangaji usiozidi miaka 7 kwa kawaida hausajiliwi peke yake, na bado unamfunga mnunuzi. Hata mtu mwenye haki fulani ndani ya nyumba anaweza kulindwa kwa sababu tu anaishi humo na ukichunguza utamwona. Kwa hiyo nenda mara mbili, asubuhi siku moja na usiku siku nyingine. Kila mtu mzima unayemkuta muulize anakaa kwa haki gani, na jibu lake liwe kwenye karatasi yenye saini. Pili ni mwenzi wa muuzaji. Nchi nyingi haziruhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mume au mke, hata jina lake lisipokuwemo. Ridhaa hiyo itolewe mbele ya wakili asiye wa muuzaji, maana mwenzi anayedai baadaye kwamba hakujua alichosaini anaweza kuuvunja mpango wote. Kodi ya ardhi na bili za maji hazihitaji maneno mengi: omba risiti.

Nirudi kwenye pengo. Uliza kama ofisi ya msajili inatoa upekuzi wenye kipaumbele. Uingereza na Wales upekuzi huo humpa mnunuzi siku 30 za kazi: maombi yake yakifika ndani ya muda huo, kitakachokuwa kimeingizwa katikati hakimtangulii. Ujerumani mthibitishaji huomba alama ya awali iwekwe kwenye kitabu cha ardhi, na mauzo ya pili hayamdhuru mwenye alama. Kwenu, uwezekano mkubwa ni kaveati: ombi la mnunuzi mwenye mkataba kwamba msajili asiandikishe lolote bila kumjulisha. Wakili aiweke leo, asingoje Ijumaa. Mkataba ulionao unatosha kuwa msingi wake.

Fedha ziwekwe kwenye akaunti ya wateja ya wakili, ile anayotunzia fedha zisizo zake, naye atoe ahadi ya maandishi kwamba hataziachia mpaka apokee vitu hivi pamoja: hati ya uhamisho iliyosainiwa na kushuhudiwa, hati halisi, hati ya kufuta rehani kama ipo, ridhaa ya mwenzi, na cheti cha kodi ya uhamisho pale kinapotakiwa. Hati ya uhamisho ndiyo inayorudishwa mara nyingi kuliko zote, na sababu zake ni za kuchosha: shahidi hakuandika anwani, tarehe imeachwa wazi, kiasi hakilingani na cha kwenye fomu ya ushuru wa stempu, mmoja wa wamiliki wawili hakusaini. Isome kwa sauti kabla haijaondoka mezani. Na ukipata barua pepe inayosema akaunti ya wakili imebadilika, usiijibu. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Wezi hupenda siku mbili za mwisho kabla ya malipo.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui: katika mifumo yenye asili ya Kiingereza, hatari ya nyumba kuungua inaweza kukuhamia tangu kusaini mkataba, kama mkataba hausemi vingine. Tazama wako. Kama uko kimya, kata bima leo.

Uliuliza pia: na hati ikiwa ya kughushi? Hapa mifumo inaachana kabisa. New Zealand, mke mmoja alighushi saini ya mumewe kwenye rehani ya mali yao. Mkopeshaji akaiuza mali hiyo kwa Walker, ambaye hakujua kitu, na jina lake likasajiliwa. Mwaka 1967 baraza la rufaa mjini London likaamua kwamba Walker anabaki mmiliki. Sheria za namna hii humlinda aliyesajiliwa kwa nia njema, na aliyepoteza hutafuta fidia, mara nyingi kutoka mfuko wa serikali. Marekani hati iliyoghushiwa haihamishi chochote, hata kwa mnunuzi asiye na hatia, na ndiyo sababu moja ya kustawi huko kwa bima ya umiliki, inayomlipa mnunuzi umiliki wake ukionekana una kasoro; kampuni ya kwanza ya bima hiyo ilianzishwa Philadelphia mwaka 1876. Lakini zingatia: Walker aliokolewa na usajili. Angekuwa bado na mkataba tu, kama wewe leo, sidhani hata wangemsikiliza sana.

Kuhusu ninyi wawili. Mkiandikwa kama wamiliki wa pamoja wasio na mafungu, mmoja akifariki sehemu yake inamwendea mwenzake aliyebaki, na wosia wake haugusi kitu. Wanandoa wengi hulitaka hilo. Kwa ndugu wawili wenye familia zao nalikataa. Andikeni mafungu, na yafuate fedha: aliyetoa asilimia 60 aandikwe 60. Kando yake muwe na makubaliano mafupi ya nani ana haki ya kwanza ya kununua fungu la mwenzake, na bei itapatikanaje. Mkisubiri hadi mmoja wenu atake kuondoka, kila mmoja atakuja na mthamini wake.

Baada ya usajili, weka kwa msajili anwani ambayo barua zitakufikia kweli. Uingereza na Wales, tangu mwaka 2003, aliyeikalia ardhi iliyosajiliwa ya mwingine kwa miaka 10 anaweza kuomba aandikwe yeye, lakini mmiliki hujulishwa kwanza na ana nafasi ya kupinga. Taarifa ikienda kwenye anwani ya zamani, nafasi hiyo inakupita. Serikali ikitaka kutwaa kwa ajili ya barabara, taarifa inafuata anwani ile ile, na fidia hudaiwa ndani ya muda uliowekwa.

Kwa Ijumaa, mwandikie muuzaji hivi na si zaidi: "Fedha zote ziko tayari kwa wakili wangu, na zitaachiwa siku hati zilizoorodheshwa zitakapokabidhiwa kwake pamoja." Muuzaji wa kweli atauliza tu ni hati zipi. Akianza kukuambia yuko mnunuzi mwingine anayelipa taslimu, nitumie maneno yake kama yalivyo, pamoja na ile sehemu ya tatu ya rejista, kabla hujahamisha hata senti.

Mama yako