Mbelewele zilitoka vizuri, mbona magunzi yana mapengo?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nalima mahindi Kongwa. Mwaka huu jua lilikaza mwezi wa pili, mahindi yakikaribia kuchanua. Mbelewele zilitoka vizuri, lakini nikimenya hindi nakuta punje mojamoja zimetawanyika. Wenzangu wanasema chavua imekufa kwa joto. Chavua hutengenezwaje, na jua linaiharibu vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, wenzako huenda wamesema kweli, lakini ndevu nazo zichunguzwe kabla ya kuihukumu chavua.

Tazama mbelewele kwa karibu. Vifuko vidogo vinavyoning'inia ni vichavulio, vitatu kwa kila ua dume. Kila kimoja kina vyumba vinne vyenye seli mama za chavua. Seli mama ya mahindi ina kromosomu (vibeba urithi vya seli) 20. Hugawanyika mara mbili mfululizo na kutoa seli nne, kila moja ikiwa na kromosomu 10. Hizo ndizo chembe changa za chavua. Zimezungukwa na tabaka la seli liitwalo tapetamu, ambalo huzilisha, kisha hufa na mabaki yake huungana na ganda gumu la nje la chembe. Ndani, chembe hugawanyika tena: seli kubwa itakayootesha mrija wa kupitishia mbegu dume ndani ya uzi wa ndevu, na ndogo inayozaa mbegu dume mbili. Mwishoni chembe hujazwa wanga, ndio akiba yake ya kuotea.

Haya yote huanza mbelewele ikiwa bado imefichwa ndani ya majani. Mkulima hana anachokiona. Ukame au joto kali likiipiga tapetamu siku hizo, wanga haujai, na baadaye mbelewele hutoka ikiwa nzuri kabisa kwa macho huku vichavulio vikiwa vitupu au vina chembe tasa. Kwa hiyo jua la kabla ya kuchanua linaweza kuidhuru chavua kuliko la siku ya kuchanua yenyewe.

Chembe zilizokomaa humwagika asubuhi, umande ukishakauka. Kwenye jua kali na hewa kavu chembe hukauka ndani ya saa moja au mbili. Hata hivyo, mmea mmoja hutoa mamilioni ya chembe na humwaga kwa takriban wiki nzima, kwa hiyo kesho yake zipo mpya.

Ndevu ndizo zenye shida zaidi. Kila uzi ni wa punje moja, na urefukaji wake unahitaji maji mengi. Ukame huzichelewesha, zikatoka chavua ikiwa inakwisha. Nyuzi za kitako cha gunzi hutangulia, za nchani huja mwisho. Ndiyo maana ndevu zikichelewa kidogo, ncha ndiyo hubaki tupu. Gunzi lako lenye punje za hapa na pale linaonyesha kuwa nyuzi chache tu zilipata chavua hai, au wadudu walizikata mapema.

Msimu ujao pima mwenyewe. Asubuhi tikisa mbelewele juu ya karatasi nyeusi: isipomwaga unga wa njano siku kadhaa mfululizo, vichavulio vina kasoro. Kisha, siku chache baada ya ndevu kutoka zote, chuma mahindi machache, menya taratibu bila kuvuta ndevu, ukung'ute gunzi. Nyuzi zilizorutubishwa hudondoka. Zinazong'ang'ania hazijapata chavua.