Unataka kutoboa na bonde la mafunjo? Soma hii kabla hujachimba mtaro

Wiki iliyopita nimepata meseji ya kijana mmoja wa Buhigwe, kakodi bonde lenye mafunjo, anataka achimbe mtaro mkubwa katikati maji yatoke yote halafu apande nyanya na kabeji, anauliza mtaro uwe na kina gani. Mdogo wangu nimekuelewa sana, najua wote humu tunataka kitu kimoja, kuvuna kiangazi wakati wenzetu wa mlimani hawana kitu. Ila jibu langu ni refu na lina maumivu ndani yake, vumilia.

Mi nalima bonde huku upande wa Kasulu. Tulikuwa kikundi, tukachimba mtaro kama huo anaoutaka yeye, mambo ya katiba na vikao nayaruka maana hata mwenyewe yananichosha. Msimu wa kwanza baada ya mtaro nyanya zilikubali mpaka wanunuzi wakawa wanagombana barabarani. Kumbe tulikuwa tunakula mtaji. Ule udongo mweusi ni mboji, mafunjo na majani yaliyolala kwenye maji miaka na miaka bila kuoza yakaisha kwa sababu hewa haifiki, na yanajilundika kama milimita 1 tu kwa mwaka, yaani mita moja ni kama miaka 1,000. Ukitoa maji hewa inaingia, vijidudu vinaanza kazi, na ardhi yako inaondoka kidogo kidogo ikiwa hewa ya ukaa.

Nikaanza kuona visiki vya zamani vinachomoza shambani na migomba ya pembeni mizizi iko nje. Siku moja nikachukua bonge lililokauka nikalimwagia maji mbele ya wenzangu, maji yakateleza yakaanguka chini, nikalipasua, ndani vumbi tupu. Mboji ikishakauka vibaya hainywi tena. Nikasema tuzibe mtaro nusu. Wakasema nina wivu, eti nimetumwa na watu wa mazingira! Nikatolewa kikundini na mchango wangu sijarudishiwa mpaka leo naandika hapa.

Kiangazi kilichofuata mtu kachoma majani kuandaa shamba, moto ukaingia chini. Hakuna mwali, ni moshi mweupe tu unatoka kwenye nyufa, unakanyaga unahisi joto kwenye sendo, juu majani mabichi kabisa chini kunaungua. Wakamwaga ndoo, ndoo za nini bana, ulizimika mvua zilipokolea. Nakiri nilifurahi kidogo ulipofika kwa mwenyekiti wa kikundi. Mungu anisamehe, lakini nilifurahi.

Na msidhani ni sisi wa kijijini tu. Indonesia mwaka 1996 serikali ilianzisha mradi wa mpunga kwenye karibu hekta milioni 1 huko Kalimantan, sehemu kubwa mboji, wakachimba mifereji ya maelfu ya kilomita, mwaka uliofuata ikaja El Nino, ile ile iliyotuletea sisi mafuriko, kwao ikaleta ukame, mboji ikawaka na moshi ukafunika mpaka nchi jirani. Mpunga wa maana haukupatikana. Uingereza nako, mahali panaitwa Holme Fen, walisimika nguzo ya chuma mwaka 1851 kichwa kikiwa sawa na ardhi, sasa hivi imetokeza kama mita 4. Nguzo haijapanda, ardhi ndiyo imeshuka.

Mzee mmoja aliniuliza, mbona mabonde hukauka hata bila mtaro? Kweli, shikamoo yake. Ng'ambo ya ziwa letu Tanganyika, katikati ya bonde la Kongo, kuna mboji kubwa kuliko zote za nchi za joto, imeshikilia kaboni kama tani bilioni 30. Waliochimbua matabaka yake wamekuta kwamba maelfu ya miaka iliyopita hali ya hewa ilikuwa kavu, hakuna mtu aliyeshika jembe, na mboji ikaoza ikapungua sana, mpaka kama miaka 2,000 iliyopita unyevu uliporudi ikaanza kujilundika tena. Sasa ona, ukame wa asili ulifanya kazi hiyo kwa maelfu ya miaka, mtaro wetu misimu michache tu. Na ukichimba mtaro halafu kiangazi kikawa kirefu, umejipiga mara mbili.

Kwa hiyo vijana nisikilizeni, acheni tamaa. Cha kwanza ni maji. Cha pili ni maji pia. Nyanya na kabeji panda pembeni kwenye udongo wa mfinyanzi, na kama kuna mto kumbuka kukaa mita 60 kutoka ukingoni, ndivyo ilivyosema sheria ya mazingira ya 2004. Kwenye unyevu weka magimbi, yanapenda. Mafunjo kata ya mikeka, using'oe, na kiberiti kiache nyumbani. Mtaro wa zamani ziba na viroba vya udongo. Halafu chomeka kipande cha bomba chenye matundu bondeni uwe unapima maji kila wiki, yakishuka chini ya uso wa ardhi kuliko urefu wa mkono wako kutoka kiganja mpaka kiwiko ongeza viroba siku hiyo hiyo, usingoje kikao, kikao kitaahirishwa mara mbili na soda mtanunua nyie.