Siku Tisa Juu ya Ndoo

Swali lenu la wiki hii, "Je, mafunzo ya ufundi yanawapatia ajira watu wenye ulemavu?", limenikuta mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, nikisubiri mzigo wa dagaa, na nimeshindwa kulipita. Mtoto wa kaka yangu ni kiziwi tangu utotoni. Amesomea ushonaji miaka miwili, cheti anacho, na kilikaa kabatini tu. Mimi nauliza hivi: siku ya kwanza kazini, nani yupo naye?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya watu 20 haifiki hata mtu mmoja. Halafu ni mafundi wangapi hapa Mwanza wenye watu 20? Karakana iliyompokea kijana wetu, upande wa Mabatini, ina vyerehani saba. Kabla ya hapo, kila tulikobisha hodi tuliambiwa nendeni halmashauri, katika ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengwa kwa mikopo, 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kijana hakutaka mkopo. Alitaka kuajiriwa, apokee chake Jumamosi kama wenzake.

Fundi mkuu alikubali kumjaribu kwa sharti kwamba niwepo, nimtafsirie. Bahati ilikuwa mbalamwezi, dagaa wachache, nikamwachia jirani meza yangu. Siku tisa nilikaa mlangoni juu ya ndoo iliyofudikizwa. Siku ya kwanza fundi alimwita mara tatu akiwa nyuma yake, kijana hageuki, ikasemwa ana kiburi. Siku ya pili sindano ilipinda ikawa inagonga chuma. Karakana nzima tuliisikia. Yeye aliendelea kukanyaga mpaka ikavunjika kwenye kola ya shati la watu. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Siku ya nne nikamwona ameweka kiganja cha kushoto juu ya kichwa cha cherehani kabla ya kuanza kushona. Anakanyaga kidogo, anasubiri, anakanyaga tena. Alikuwa anausikiliza mtetemo. Ukibadilika, anaacha na kukagua sindano. Mama wa mashine ya pili naye akagundua kwamba akigonga meza mara mbili, kijana anageuka. Vipimo wakaanza kumwandikia kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe.

Siku ya kumi mzigo ulishuka, sikwenda. Jioni nilifika mbio, moyo mkononi. Fundi akaniambia, "Shangazi, wewe ulikuwa unatuziba. Tulikuwa tunaongea na wewe, yeye tunamwacha." Siku hiyo walikuwa wamejifunza kwake ishara za mkasi, uzi na chai.

Nilipoanza kuandika nilitaka kudai serikali imlipe mtu wa kumsindikiza kazini kila kijana kama huyu. Bado nadai, maana si kila mtu ana shangazi anayeweza kuacha biashara siku tisa. Ila mtu huyo awafundishe wenzake wa kazini, kisha aondoke mapema kuliko nilivyoondoka mimi. Na cheti nimekionea. Fundi alikishika muda mrefu kabla ya kukubali, na bila miaka ile miwili kijana asingekalishwa kwenye mashine hata siku moja. Kwa hiyo kwa swali lenu nasema ndiyo, mafunzo yanasaidia. Nasema kwa kiziwi mmoja mwenye macho makali. Kwa asiyeona au mwenye ulemavu wa akili, huenda siku tisa ni kidogo mno.

Sasa ana miezi mitano pale, analipwa kwa kila sare ya shule anayoimaliza. Msimu wa sare ukipita, mwezi wa pili, ndipo tutajua kama fundi atabaki naye.