Limbika, limbua, limbukeni: je, ni ukoo mmoja?

Swali: Katika kamusi ya zamani niliyorithi kwa babu yangu nimekuta limbika, limbikiza, limbua, limbuka na limbukeni yakifuatana, na kwingineko nimekuta ulimbo na lima. Je, kufanana huku kwa herufi ni udugu wa kweli au ni sadfa ya alfabeti tu?

Jibu: Ndugu msomaji, maneno matano ya kwanza ni ndugu wa tumbo moja, ila ulimbo na lima si wa nyumba hiyo.

Tuanze na limbika, ambalo wengi wetu siku hizi tunalisikia likiwa ndani ya malimbikizo ya mishahara. Asili yake ni mbali na ofisi. Mtu aliyechimba kisima mchangani, mtoni palipokauka, akiteka mara ya kwanza hupata maji haba na tope jingi. Basi hukiacha kisima, akakaa kando na ndoo yake mpaka maji yajikusanye na kutulia. Kungoja huko ndiko kulimbika maji. Vivyo hivyo mwenye mwembe asiyechuma embe mojamoja kila linapoiva, bali akayaacha mpaka yatoshe kujaza kikapu, ameyalimbika. Neno hili, kwa hiyo, hubeba mambo mawili kwa pamoja: kujizuia na kuongezeka. Limbikiza huongeza juhudi na mkazo, ndiyo maana husemwa kwamba fulani analimbikiza mali. Nami naona ni hasara kwamba limbikiza limelisukuma limbika pembeni, kwa maana subira iliyomo katika neno la awali haimo tena katika hilo la pili.

Sasa tazama jozi hizi: funika na funua, bandika na bandua, anika na anua. Kiambishi -ik- huweka kitu katika hali fulani, na -u- hukiondoa katika hali hiyo. Limbika na limbua yamo katika mkumbo huohuo. Kilichowekwa kikangojewa, sasa kinafunguliwa: kulimbua ni kuanza kuvuna au kutoa mazao ya kwanza, na kulimbuka ni kuyaonja kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo yalipozaliwa malimbuko, yale mazao ya mwanzo ambayo Wakristo huyapeleka kanisani kwa shukrani.

Na limbukeni? Huyu ni mtu aliyelimbuka, yaani aliyeonja jambo ambalo hakuwahi kuwa nalo. Zamani neno hili liliweza kumtaja mgeni wa jambo bila kumkejeli; leo ulimbukeni ni lawama kwa anayejishaua kwa gari au cheo alichokipata jana. Lawama imekuja baadaye, lakini kile kionjo cha kwanza bado kimo ndani yake.

Ulimbo ni utomvu mzito wa kunasia ndege, kwa mfano wa mfenesi. Mtu anaweza kudai kwamba ndege aliyenaswa naye amelimbikwa, ila mimi siikubali hoja hiyo, kwa sababu maana ya ulimbo ni kunata, wala hakuna kungoja ndani yake.

Kuhusu lima, kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa kuwa malimbuko hutoka shambani. Hata hivyo lima limezaa limia, limika, kilimo na mkulima, na katika hayo yote hakuna b hata moja, wala Kiswahili hakina kiambishi cha mnyambuliko kinachoweza kuileta b hiyo. Kamusi za zamani, kama ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zilikuwa na desturi ya kuyapanga majina chini ya vitenzi vyake. Kwa hiyo ukitaka kujua ukoo wa neno katika kamusi ya babu, angalia kwanza limewekwa chini ya kitenzi gani, kisha ndipo uhesabu herufi.