"Nesi, mimi malaria nimekua nayo"

Katika kliniki za GP (daktari wa familia) hapa Uingereza, msafiri mgumu kushauriwa kuhusu kujikinga na malaria si mtalii anayekwenda Serengeti kwa mara ya kwanza. Mgumu ni Mtanzania au Mkongomani aliyekaa huku miaka 15, anayekwenda kuwasalimu wazee na kuamini kwamba, kwa kuwa alikua na malaria, mwili wake una kinga. Usibishane naye. Mweleze kwamba kinga ile aliijenga kwa kuambukizwa malaria mara kwa mara, na hupungua upesi mtu akishahama. Wanawe waliozaliwa huku hawana kabisa.

Akisema dawa atanunua hukohuko, mkumbushe kuwa dawa mseto ni ya kutibu, si ya kukinga, na dawa za kukinga huanza kumezwa kabla ya kupanda ndege.

Kisha pigeni hesabu pamoja, maana wengi hukosea siku. Kwa mtu mzima anayekaa siku 21, dawa ya kukinga iitwayo atovakwoni-proguanili ni kidonge kimoja kila siku: 2 kabla, 21 akiwa huko, 7 baada ya kuondoka. Jumla 30. Dawa nyingine, doksisaiklini ya miligramu 100, huanza vivyo hivyo ila huendelea wiki 4 baada ya kurudi, yaani vidonge 51. Sababu ni kwamba haiui vizuri vimelea vilivyojificha kwenye ini. Inavisubiri vitoke huko na kuingia kwenye damu. Ni nafuu kwa bei, na ndiyo inayoachwa njiani. Andika tarehe ya kidonge cha mwisho juu ya boksi.

Doksisaiklini imezwe kwa glasi nzima ya maji, mtu amekaa wima na asilale papo hapo, la sivyo huunguza umio. Haifai kwa mjamzito wala mtoto chini ya miaka 12. Atovakwoni-proguanili iendane na chakula chenye mafuta, au maziwa. Kabla ya meflokwini, dawa ya tatu ya kukinga, uliza kuhusu sonona na kifafa, tena faraghani. Mbele ya shemeji hakuna atakayekujibu ukweli.

Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. DEET (dawa ya kufukuza mbu) ya asilimia 50 ipakwe juu ya mafuta ya kukinga jua, si chini yake. Na chandarua chenye dawa abebe pamoja na kamba: mgeni hulazwa sebuleni, ambako hapana pa kukifungia.

Homa yoyote ndani ya mwaka mmoja baada ya kurudi, hata kama vidonge alimaliza, ni kupimwa damu siku hiyohiyo na kutaja safari. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu, kirudiwe.