Sikukununia, mwanangu

Pumwani, Nairobi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umesema baba mkwe wako sasa ana wiki ya sita tangu atoke hospitalini na kiharusi chake. Mguu umeanza kupata nguvu, lakini hataki kuinuka, chakula anakirudisha, akisemeshwa anageukia ukutani. Unauliza kama ni ukaidi wa uzee au ni kitu kingine. Halafu mwishoni ukaandika: "Na wewe Baba, ile miezi uliyoacha kupokea simu zangu, nilikuwa nimekukosea nini?"

Nianze na hilo. Hukunikosea lolote. Sikukununia. Nilikuwa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na hakuna aliyeuona, hata mimi niliyekuwa nao.

Kiharusi kilinishika upande wa kushoto. Watu wakija kuniona husema, "Alhamdulillah, wa kulia umebaki." Walinitakia mema, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa fundi. Kwenye cherehani mkono wa kulia huanzisha gurudumu, miguu ikakanyaga. Wa kushoto ndio unaokishika kitambaa na kukipeleka kwenye sindano.

Mwezi wa pili nilimwomba mama yako anisogezee cherehani. Palikuwa na kanzu ya mteja, imebaki pindo la chini tu. Nikaulaza mkono wa kushoto juu ya kitambaa, nikakanyaga. Kitambaa kikaenda mrama na mkono ukaburutwa nacho. Mshono ukapinda, ukapinda, mpaka ukatoka nje ya nguo. Mama yako alikuwa jikoni anakuna nazi, nikasikia ameacha kukuna. Hakusema neno. Nikaifunika cherehani kwa lile shuka la maua, nikaenda kulala saa nane mchana. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kulala.

Wala sikulia. Huzuni ya msiba naijua, nilimzika mama yangu mzazi. Ile huja na kupungua. Mtu akikuletea kahawa na hadithi, unaweza kutabasamu katikati ya matanga. Hii haikupungua saa yoyote. Mahamri yakawa kama pamba mdomoni. Adhana ya alfajiri ilinikuta macho kila siku, na bado sikuona sababu ya kuinuka. Simu ikilia na jina lako likitokea, nililitazama mpaka inyamaze. Ungeniuliza naendeleaje, nami sikuwa na jibu ambalo baba anaweza kumpa mwanawe.

Na kila mwezi nilikwenda kliniki! Wakanipima presha, wakaniongezea dawa, wakaniinua mkono, wakasema, "Mzee, unaendelea vizuri." Presha kweli ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeniuliza nalalaje. Hilo hunisikitisha hadi leo, maana swali lenyewe ni la dakika moja. Huku mtaani wengine walisema nimetupiwa jicho, wengine nimedekezwa. Mama yako alidhani nimemchoka yeye, akayameza peke yake.

Aliyeligundua ni yule msichana wa mazoezi ya viungo. Siku moja alinishika kiganja akaniambia nimsukume, akaona hata sijaribu. Akavuta kigoda akaketi. Akatoa karatasi yenye maswali tisa, ya Kiswahili, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: ni siku ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, usingizi ukoje, chakula je, unajiona umeiangusha familia yako? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na zote zikijumlishwa hazizidi 27. Zikifika 10, mtu huyo anatakiwa achunguzwe zaidi. Zangu zilikuwa 19. Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba ni afadhali ungekufa. Nilitazama mlangoni kwanza, nisije nikasikiwa na mama yako, ndipo nikasema ndiyo. Hakushtuka, hakunihubiria. Alinishukuru kwa kumwambia, akanipeleka kwa daktari saa ileile.

Hapo niliogopa neno moja, Mathari. Unajua hapa Nairobi ukiitaja hospitali ile watu wanasikia wazimu tu, na mimi nilishajiona nikitajwa barazani. Kumbe nilitibiwa palepale nilipokuwa nikitibiwa kiharusi.

Daktari alituketisha wawili. Akasema ni sonona, wengine huiita unyogovu, na kwamba inampata karibu mtu mmoja kati ya kila watatu wanaonusurika na kiharusi, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Kiharusi huua sehemu ya ubongo, na ubongo ndio unaoendesha hamu, usingizi na raha kama unavyoendesha mkono. Jeraha lenyewe linaweza kuizima hamu, kisha juu yake unakuja uchungu wa kazi na heshima uliyoipoteza. Na mwenye sonona hafanyi mazoezi, asipofanya mazoezi viungo vinachelewa, vikichelewa anazidi kuzama. Mama yako akauliza, "Kwa hiyo si yeye anayekataa?" Daktari akamjibu, "Si yeye, mama." Alilia pale ofisini mpaka nami nikaona aibu ya miezi yote ile.

Nilipewa dawa ya sonona iitwayo fluoksetini, miligramu 20 kila asubuhi. Wiki ya kwanza sikuona faida, niliona kichefuchefu tu, nikataka kuacha. Mama yako akanisimamia. Karibu wiki ya tano niliamka nikasikia harufu ya kahawa kutoka jikoni, nikaitaka. Siwezi kusema nilifurahi. Niliitaka tu, na nilikuwa sijataka kitu kwa muda mrefu.

Daktari hakunificha kwamba dawa hiyo haifufui mkono. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018, wagonjwa zaidi ya 3,000 wa kiharusi, nusu yao wakapewa dawa hiyohiyo kwa miezi sita. Sonona ilipungua kwao, lakini viungo havikurudi kuliko kwa wenzao, na waliovunjika mifupa wakawa wengi zaidi kidogo. Ndiyo maana mama yako aliondoa ule mkeka wa mlangoni, na ndiyo maana ninakuomba mzee asinunuliwe dawa hii dukani kwa maneno yangu. Daktari wake aangalie kwanza dawa nyingine anazomeza, hasa kama yuko kwenye aspirini. Na akishaanza asiache ghafla kwa kujiona amepona. Mimi pia nilikwenda kwa mshauri kila Jumanne, na imamu alikuja kunisomea dua. Vyote nilivihitaji.

Sasa huyo mzee wako. Umesema maneno yanamgomea mdomoni. Basi karatasi ya maswali inaweza isimfae, kwa hiyo nyinyi muwe macho yake. Andikeni analala saa ngapi, anakula kiasi gani, mjukuu akiingia anamtazama au hamtazami. Pelekeni maandishi hayo kliniki, na msingoje kuulizwa. Umesema pia mara nyingine anaangua kilio bila sababu kisha kinakatika kama bomba lililofungwa. Hilo huenda likawa jambo jingine, kiharusi kikilegeza breki za kilio na kicheko. Mwelezeni daktari jambo hilo kando, lisichanganywe na huzuni.

Muulizeni waziwazi kama anawaza kufa, hata kwa kumwomba atikise kichwa. Usiogope kwamba utamtia wazo hilo. Mimi nilipoulizwa nilishusha mzigo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa zote za nyumbani ziwekwe mbali naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Msimwambie ajikaze. Mimi niliambiwa sana, na kila mara nilisikia kwamba nimeshindwa tena. Mpeni kazi ndogo iliyo yake kweli, ya mkono aliobakiwa nao. Mama yako alianza kuniletea vifungo vya kupanga kwa rangi. Nilivipanga kwa hasira, lakini nilivipanga. Na mama mkwe wako mtazame naye, maana anayemuuguza mgonjwa huyu huzama pamoja naye kimyakimya.

Mkono wangu haujarudi wote. Sishoni kanzu tena, ninakata vitambaa na kijana wangu anashona. Lile pindo nililifumua mwenyewe mwaka jana, uzi baada ya uzi.

Jumapili baada ya alasiri nipigie, kisha mwekee mzee simu sikioni. Mwambie ni fundi wa Pumwani, aliyepatwa kama yeye. Asijisumbue kujibu. Nitaongea mimi, na akigeukia ukutani, mshikie simu hukohuko ukutani.

Baba yako